Unga Usiotaka Maji

Mke wangu Gumato ni mpishi hodari wa vitu visivyolika. Kwenye stoo ya nyumba yetu hapa Isiolo, upande wa kulia ukiingia, kuna tanuri la umeme lenye tumbo refu kama mzinga wa nyuki. Ndani ya tumbo hilo kuna bomba la kioo kisichoyeyuka, na ndani ya bomba kuna unga mweupe ambao umeniotesha mvi kabla ya wakati. Upande wa kushoto kuna jerikeni za maziwa ya ngamia za mama yangu, Asho. Katikati kuna mstari wa chaki. Mstari huo niliuchora mimi, Khadar, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, na sijaona mpaka unaovukwa kila siku kama huo.

Kazi yangu ni kubeba mifugo kwa lori. Nachukua mbuzi Ngaremara, mara nyingine Merti, nawapeleka Nairobi. Mbuzi hawana shida. Ukiwasukuma wanapanda, ukiwafungulia wanashuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza niko upande wa nani. Shida huanza nikizima injini mbele ya lango langu mwenyewe.

Watu wa mtaa huniuliza, "Khadar, mkeo anapika nini huko ndani?" Zamani nilikuwa nawaeleza kwa upole. Siku hizi nawaambia waje waonje, nao wanaondoka. Ukweli ni kwamba Gumato anaunganisha boroni na nitrojeni, na alumini na nitrojeni. Hivyo tu. Boroni iko kwenye ule unga wa kuua mende. Alumini ni sufuria. Nitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa hii tunayovuta bure. Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, kama vyote vipo, si uvikoroge tu tulale?"

Akaniangalia jinsi anavyowaangalia wanafunzi wake wa kidato cha pili.

"Wewe ulituma wazee kwa baba yangu mara ngapi kabla hajakubali?"

 Sipendi kukumbushwa safari zile za Merti.

"Basi nitrojeni ni baba yangu," akasema. "Imeshikana yenyewe kwa yenyewe, haitaki mgeni. Lazima uizunguke."

Kuizunguka kwenyewe ndiko huku: anachukua mbolea ya urea, ambayo nitrojeni yake imeshalegea, anaisaga pamoja na ule unga wa mende, anaiweka kwenye kisahani cha udongo, anaisukuma ndani ya bomba, halafu anapandisha moto pole pole mpaka nyuzi elfu moja. Ya alumini ni hivyo hivyo, ila badala ya unga wa mende anatumia chumvi ya alumini inayotoka Nairobi kwenye kopo, na kopo hilo ukilifungua tu linafuka moshi kwa sababu ya unyevu wa hewani. Hewa yetu ya Isiolo, inayopasua midomo ya watu, eti ina unyevu!

Usidhani ni mchezo wa mtu aliyekosa kazi. Gumato alizaliwa Merti kwa Waborana, watu wa ng'ombe. Alipokuwa msichana wa sekondari, mwaka wa kiangazi kibaya, kisanduku kinachoendesha pampu ya sola kiliungua. Kisima kilikuwa na maji, jua lilikuwa jingi, ila kisanduku kimekufa. Ng'ombe wa baba yake walipelekwa mtoni, na waliokuwa dhaifu hawakufika. Fundi alipokuja kukifungua kisanduku, alimwonyesha kidude kidogo kilichojipika kwa joto lake lenyewe kwa kukosa pa kulitolea. Kati ya kidude hicho na chuma cha kukipoza hupakwa mafuta mazito meupe yanayopitisha joto na kuzuia umeme. Nguvu ya mafuta hayo ni unga wa namna hii anaopika. Unaweza kununuliwa kutoka nje, najua, nimemwambia. Yeye anataka upikwe hapa, kwa mbolea inayouzwa hapa. 

Kwa hiyo ni mwalimu wa kemia mchana, na mwanafunzi wa shahada ya pili wakati wake wote uliobaki. Shuleni kwao walilikataa tanuri kwa kuwa kila likiwashwa taa za ofisini huzimika. Likaletwa kwangu. Nilipouliza litakaa muda gani, niliambiwa ni la kupita tu.

Sasa mama. Mama ameuza maziwa ya ngamia tangu nikiwa mgongoni mwake. Jerikeni zikirudi huziosha, kisha huchukua kijinga cha ejersa, ule mti wetu wa moshi mtamu, akazijaza moshi na kufunga kifuniko mpaka ukolee. Maziwa yake hufika Nairobi mazima wakati ya wengine yamekatika njiani. Kwake, chombo kisichofukizwa ni kama mtu asiye na nguo. Aliona vyombo vya mkwe wake, chupa na mabomba, vimepangwa rafuni vikiwa uchi, na roho yake haikutulia; akawa ananiuliza tanuri litatoka lini.

"Mborana asiyejua kufukiza!" alikuwa akiniambia kila siku. "Sisi sote tunajua Waborana kwa maziwa. Wewe ukaenda mpaka Merti ukatafuta ile moja haijui."

"Mama, anajua. Vyombo vile havitaki moshi wala maji."

"Haitaki moshi, na ile kopo yake inatoa moshi? Moshi yake ni sawa, yangu ndio mbaya?"

Hebu nijibu nini hapo? Nilipomfikishia Gumato maneno hayo akasema, "Mwambie ule si moshi, ni asidi." Nikienda kumwambia mama ni asidi, si ndiyo tutahama?

Kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, nalo nitalisema waziwazi. Dada yangu Deka alipoolewa, mama alimfukizia vyombo vyake vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja, akaviombea, akampa. Hilo ndilo tendo la mama kwa binti yake. Gumato alipoingia kwetu hakufukiziwa hata kikombe. Mama hakumtukana, hakumfukuza, alimpikia na kumsalimu vizuri. Alimwita "mwalimu wako" akisema nami, na "mwalimu" akisema naye. Gumato hakulalamika, lakini hakuwahi kuomba nafasi kwenye rafu la jikoni, na vikombe alivyoleta kutoka Merti bado vimo kwenye sanduku.

Basi tukaishi hivyo, huyu na moshi wake, yule na moto wake, mimi na chaki yangu.

Unga haukukubali. Mara umeme ulikatika moto ukiwa katikati. Mara hewa iliingia pembeni mwa kizibo, unga ukatoka umeungana na oksijeni, kitu cha kutupa. Mvua ya kwanza ilipoonja bati, mtaa mzima ulitoka nje kumshukuru Mungu, na mke wangu akakimbilia stoo kufunga makopo yake na kanda, uso umemshuka kama mtu aliyefiwa. Majirani walimwona. Mke wa Khadar anakasirikia mvua! Hapa Isiolo! Niliyajibu hayo msikitini, sokoni na kwa kinyozi.

Aliyetuokoa ni Abduba, binamu yake. Abduba huzunguka kwa pikipiki akipandisha ng'ombe kwa mrija, na mbegu za fahali wake wazuri hukaa ndani ya mtungi wa nitrojeni iliyo kimiminika, baridi kuliko barafu. Nitrojeni ile ikichemka yenyewe hutoa hewa kavu kabisa, na Gumato aliitaka ipite ndani ya bomba kama mlinzi, ifukuze unyevu na hewa ya kawaida. Abduba akakubali kumgawia. Akija na mtungi wake mama humkaribisha kwa chai na kumuuliza mbele yangu, kwa sauti ya kusikika barabarani, kama sasa wanapandisha mashine.

Na kweli unga ukakubali. Chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba hakuna kuongezewa muda tena, kwa kuwa profesa wake anastaafu. Alhamisi alikuwa na nafasi kwenye mashine ya eksirei Nairobi, si ile ya mifupa, ya kupimia unga kama ni wenyewe au si wenyewe. Akikosa siku hiyo, kazi yote imekwenda na maji. Unga wa boroni ulitoka mweupe, laini, unateleza vidoleni. Wa alumini ulitoka kidogo tu, kiasi cha kijiko, akauweka kwenye chupa akiwa anapuliza nitrojeni juu yake, akaziba kwa mpira na kuzungushia kanda. Wa boroni hauogopi kitu, akautia kwenye kibahasha ndani ya mkoba wake. Ile chupa akaiacha rafuni, upande wake wa mstari.

"Khadar, hii ikigusa maji inakufa," aliniambia. "Nyumba ikiungua, toa hii kwanza."

Jumatano yeye alikuwa darasani, mimi niko Ngaremara nahesabiwa mbuzi. Niliporudi mchana, harufu ilinipokea langoni. Ilikuwa ya zizi la punda lililonyeshewa, inayochoma pua mpaka machozi. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa stoo, mikono imelowa, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mbele yake, kwenye sinia juani, kulikuwa na unga umeanikwa.

"Salaam aleikum, Mama. Hiyo ni nini?"

"Aleikum salaam. Ni ile kitu ya mwalimu. Chupa ilikuwa mbaya, Khadar. Kesho anaenda mbele ya watu wakubwa na chupa kama hiyo?"

Akanieleza kwa utaratibu, na kila neno lilinikalisha chini zaidi. Alikuwa ameumimina unga pembeni ili aoshe chupa. Maji yalipogusa vumbi lililobaki ndani, ikanuka mkojo. Akasema kumbe chupa imeoza, akaiosha tena, akaifukiza. Akarudisha unga kabla chupa haijakauka vizuri, ikanuka zaidi. Akajua basi uchafu uko kwenye unga. Kwa hiyo akauosha unga wenyewe kama anavyoosha mchele, mara mbili, akauanika, akafukiza chupa upya.

"Sasa harufu inaisha," akasema. "Ilikuwa chafu sana."

Harufu ilikuwa inaisha kwa sababu hapakuwa na kitu cha kunuka tena. Maji yameichukua alumini, nitrojeni imeondoka zake hewani ikiwa amonia. Hata mimi dereva wa mbuzi nilijua hivyo, nilikuwa nimeambiwa vya kutosha.

Gumato aliingia na mkoba wake begani.  Alinusa, akaona sinia, akaona chupa imesimama kando, imeng'aa, imefungwa kifuniko, utando wa moshi wa kahawia ndani yake.

Mke wangu hajawahi kumpandishia mama yangu sauti. Siku hiyo aliipandisha.

"Mama, kwa nini? Kwa nini uliigusa? Kuna mstari! Kuna mstari hapa chini, huuoni? Miaka yangu yote iko kwa ile chupa, na wewe unaiosha kama sufuria ya uji? Nani alikutuma? Si useme tu hunitaki hapa nitoke!"

 Nikasimama katikati yao, juu ya chaki.

Mama hakuinuka. Alimwangalia kana kwamba ndiye aliyekosewa.

"Nilikufukizia, hooyo," akasema.

Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama zetu huwaita hivyo watoto wao wenyewe, jina lao wenyewe wanalirudisha kwa mtoto. Mama huniita hivyo mimi. Humwita hivyo Deka. Gumato amekaa kwetu muda wa kutosha kulijua neno hilo ni la nani.

Akaivuta jerikeni moja tupu, akaikalia. Akaichukua chupa, akaifungua, akainusa kwa muda mrefu.

"Ni ejersa?" akauliza.

"Ningetumia nini? Makaa ya duka?"

Gumato akaanza kulia, na nitasema kweli, nilikasirika kuliko yeye. Mtu akikuharibia kwa chuki unajua pa kumweka. Huyu alingoja miaka yote kutenda tendo moja la umama, na katika vyombo vyote vya nyumba hii, pamoja na vile vikombe vya Merti, akaenda kuchagua kile kimoja! Na mwingine naye, badala ya kuendelea kugombana tumalize, analia amekumbatia chupa. Nikatoka nikaenda kupakia mbuzi.

Tulikwenda Nairobi na lori, mbuzi nyuma, yeye pembeni yangu. Unga wa sinia aliukusanya akaubeba ndani ya chupa ile ile. Nilimuuliza wa nini. Akasema mashine ipime, asije akadhaniwa anasema uongo.

Mashine ilisema vile tulivyojua. Boroni ilikuwa yenyewe, safi, profesa alimshika mkono. Ya alumini ilikuwa kitu kingine, jivu la maji. Yule mzee hakuwa mkali. Alimwambia achague kabla ya Jumatatu: akubali kukata kazi iwe ya boroni peke yake, akamilishe mwaka huu huu, au ajiandikishe upya na apike alumini chini ya profesa mpya asiyemjua, na hapo yeye hawezi kumwahidi lolote.

Njiani kurudi, Gumato aliegemea kioo.

"Nitachukua boroni," akasema. "Nimechoka, Khadar."

Nilimwambia pole. Nilimaanisha, wallahi. Lakini moyoni nilikuwa nafurahi. Tanuri litaondoka. Nitafuta chaki kwa mguu wangu mwenyewe. Nitalala nyumbani kwangu bila kunusa punda.

Mama alikuwa ametungojea, chai imeiva. Hakutukaribisha kwanza kama ilivyo desturi yake.

"Walisema nini juu ya chupa?"

Nikafungua mdomo niseme uongo wa heshima. Gumato akanitangulia.

"Walisema unga ulikufa, Mama. Maji ndiyo iliua."

"Maji yangu."

"Ndiyo. Maji yako."

Mama aliweka birika chini. Sijawahi kumwona mama akitafuta mahali pa kuweka mikono yake. Aliipangusa kwenye shuka, akaipangusa tena.

"Na moshi?" akauliza taratibu. "Moshi pia iliua?"

Hapo Gumato angeweza kumwambia lolote. Lakini mke wangu kwenye kemia hasemi uongo hata kwa kumfurahisha mtu, na hasemi uongo hata kwa kumuumiza. Alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa swali darasani.

"Hapana. Moshi ni kaboni tu. Nikiwasha moto wa kadiri na kuachia hewa ipite, inaungua inatoka. Moshi ningeweza kuondoa. Maji ndiyo siwezi."

Mama akaitikia kwa kichwa, na nikamwona anapata nguvu tena, na nikaogopa.

"Sasa umebaki na nini?"

"Nusu, Mama. Wamesema nikubali nusu, nimalize."

"Nusu!" Mama alisimama. "Mimi nimebeba maziwa tangu huyu hajazaliwa. Jerikeni nusu haifiki Nairobi. Inatikisika njiani mpaka inaharibika. Unajaza, ama unabaki nyumbani. Nani alikwambia ukubali nusu?"

"Ni mimi tu. Nimechoka."

"Basi pumzika leo, kesho unapika. Na mimi nitafukiza bila kuosha."

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, tanuri hili ulitaka litoke! Umenisumbua miaka! Na amesema amechoka, umemsikia amesema amechoka!"

Wakageuka wote wawili kunitazama, kwa jicho moja, kama watu waliozaliwa tumbo moja. Nikatafuta huruma huku, nikatafuta kule. Gumato alikuwa ameanza kukunja mikono ya buibui yake.

"Nitrojeni ya Abduba haitoshi," alimwambia mama, si mimi. "Atakuwa ametumia kwa ng'ombe."

"Khadar atamwambia alete ingine," mama akajibu. Wakaingia stoo, na nikamsikia mama akiuliza lile bomba linafunguliwa upande gani.

Nikachukua simu nikampigia Abduba.